Zamu ya Kukaa na Bibi

Nyumbani kwa kaka yako,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Goti lako limepoa, au bado linakutabiria mvua? Na binamu zangu je, wanakusikiliza au wamekwisha kukushinda kwa maneno? Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu ya haya yanayofuata, na unanijua, sina ufundi wa kuzunguka mbuyu.

Baba yupo, ingawa gereji imemmeza. Hurudi ananuka oili, akala, akasinzia na sahani mapajani. Mama naye ana zamu zake za uuguzi, kwa hiyo hao wawili hukutana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo.

Mimi nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, yale ambayo chuo hututuma kabla ya mwaka wa mwisho. Nilipangwa katika shirika la ustawi wa jamii, mtaa wa pili kutoka kwetu, nyuma ya duka la saruji. Ofisi ni vyumba viwili, feni inayozunguka inapojisikia, na benchi lililong'aa kwa kukaliwa.

Kazi yetu kubwa inaitwa kukaa. Usicheke. Mzee asiye na wa kushinda naye hupangiwa mwanafunzi, naye huenda kwake akaketi saa nzima. Hafagii, hapeleki kitu, hashiki simu. Anasikiliza tu. Msimamizi wetu, mama mkavu asiyecheka ovyo, alituambia siku ya kwanza: "Nendeni mikono mitupu. Ukibeba kitu, mzee atakiangalia hicho kitu, wewe hatakuona."

Nilipangiwa fundi cherehani mstaafu, nikampenda. Nilijua anaogopa radi, nilijua mumewe wa kwanza alikuwa na mwanya. Nikirudi nyumbani masikio yamechoka. Bibi aliniuliza kila jioni, "Mke mwenza, umeshindaje?" Nami nilijibu, "Salama," nikapitiliza chumbani.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja niko mapokezi, nikaona mtu anapanda ngazi polepole, amevaa viatu vyake vya kutokea. Ni Bibi. Nilidhani kuna msiba, nikaruka kumuuliza nani kapatwa na nini. Akanitazama akasema, "Kaa chini. Sikuja kwako wewe." Akapita moja kwa moja kwa msimamizi.

Mlango wa chumba kile haufungi vizuri, kwa hiyo nilisikia. Msimamizi alimuuliza anaishi na nani, akajibu ni mwanawe, mkwewe na mjukuu. Akaambiwa, basi mama, una watu. "Ninao," alisema mama yako. "Wazuri sana. Hawanigombezi, hawaninyimi chakula. Ila hawakai."

Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona aibu, kisha nikakasirika, kisha nikaona aibu ya kukasirika.

Nilimwomba msimamizi anipangie Bibi mwenyewe. Akakataa; mwanafunzi hapewi ndugu yake, ndiyo kanuni yao, na hata ningelia asingeibadilisha. Akampa mwenzangu, msichana tunayemwita Kimya. Basi kila alasiri tulipishana kwenye kona ile ya fundi viatu, mimi nakwenda kukaa na bibi wa watu, yeye anakwenda kukaa na wangu. Tulisalimiana bila kutazamana.

Siku moja fundi cherehani alikuwa amelala, nikarudi mapema. Kabla sijaingia nikamsikia Bibi dirishani akimhadithia Kimya juu ya marehemu pacha wako. Mimi nimekulia nyumba hii na sikujua ulizaliwa na mwenzako. Alisema hakuna siku aliyokutazama asimwone na yule mwingine pembeni yako, na tangu uende mbali ni kama wamekwenda wote wawili. Nilibaki nje na viatu mkononi mpaka saa ya Kimya ikaisha.

Mafunzo yamekwisha, Kimya amerudi kwao. Kesho yake, saa ile ile, nilimwona Bibi anafuta vumbi kile kiti kilicho mkabala na chake. Nikaacha simu chumbani, nikaenda nikaketi. Akauliza, "Umetumwa na nani?" Nikamwambia sijatumwa. "Basi nenda kapumzike, mwanangu," akasema. "Umefanya kazi." Hakuniita mke mwenza.

Sikuondoka. Ninakaa kila siku, naye ananizungumzia mvua na bei ya sukari, kwa adabu kabisa, kama mgeni. Utani wake wote umeniishia mikononi. Daktari wa zahanati anasema moyo wake umechoka na tusingoje muda mrefu kwa jambo lolote tunalotaka kufanya. Baba alipoambiwa hivyo aliitikia kwa kichwa, akarudi gereji. Nadhani alikwenda kulia huko, maana makelele yanafaa.

Ile redio uliyotuma, blanketi, na viatu vile laini, vyote vimo kabatini ndani ya mifuko yake. Huwaonyesha wageni, kisha hufunga. Tafadhali usitume tena kitu. Njoo wewe, mikono mitupu, ukae. Najua safari si lelemama na kazi yako haina likizo ya maana, lakini nakuomba kama mtu anayeomba maji.

Nisalimie mumeo na binamu zangu wote, hasa yule mdogo mwenye maneno. Baba na Mama wanakusalimu. Mungu akufunike huko na akufungulie njia.

Bibi hajui kwamba nakuandikia. Jana nilimuuliza tu, kama kwa kupitisha maneno, angependa uambiwe nini. Alifikiri sana, akatazama kabati.

"Mwambie nimepokea vyote."

Ni mimi, akupendaye leo kama jana,
Binti wa kaka yako,
yule uliyempa jina la Maswali.