Aliyeua Msumeno wa Baba Mkwe

Gisenyi, 3 Februari 2024

Mkwe wangu Théogène,

Salamu nyingi kwako na kwa binti yangu Rayhana. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya mawingu. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Rayhana karatasi hii akuletee mkononi.

Nimeufungua ule msumeno wa petroli niliokuazima. Tangu uzime mikononi mwako, miaka miwili sasa, nimewaambia watu wote wa karakana kwamba ulimimina petroli bila kuichanganya na oili. Sasa nataka kuufufua, na ninayoyaona hayalingani na maneno yangu. Pistoni imekwaruzika upande wa ekzosi peke yake, na beringi ya chini bado imelowa oili. Injini iliyonyimwa oili hukauka kote.

Donc, basi, niambie bila kunionea haya: kabla ya kuzima, ulikuwa unalia vipi?

Baba mkwe wako,
Mudathiru

Cyanzarwe, 25 Februari 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Pole kwa goti. Sisi hatujambo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa wiki tatu chini ya mto, hadi Rayhana akaniuliza kama naiatamia.

Kwetu mkwe habishani na baba mkwe, hata akiwa na neno. Uliponilaumu mbele ya watu niliinamisha kichwa, nikaacha kuja kwako, na kazi ya kupasua mbao nikaiacha pia. Sasa nalima viazi vya watu.

Lakini kwa kuwa umeuliza: nilipoachia kibonyezo cha gesi, msumeno haukutulia. Ulizidi kulia kwa sauti ya juu, na nikiulaza ubavu sauti inabadilika. Nilidhani ni kabureta. Haukupita muda ukazima. Oili nadhani niliipima kwa kifuniko cha chupa kama ulivyonifundisha. Nadhani tu, baba. Kuapa siwezi.

Mkweo,
Théogène

Gisenyi, 6 Machi 2024

Mkwe wangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umenisuta siku nne hizi.

Uliposema sauti ilibadilika ukiulaza, nikajua pa kutazama. Nilirudisha silinda, nikaziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa vipande vya tairi, nikapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli, kisha nikapaka maji ya sabuni. Povu likatoka pembeni ya shafti, kwenye kile kiraba kinachozuia hewa isiingie kwenye injini. Kimechanika mdomo. Hewa iliingia kinyemela, petroli na oili vikawa haba ndani, pistoni ikaungua.

Kiraba hicho nilikiweka mimi, siku moja kabla ya kukuazima. Ilikuwa Ijumaa, adhana imeshalia, nami nikakigonga kwa bisibisi badala ya kutafuta bomba la kipimo chake la kukisukumia bila kukichana. Haraka haraka haina baraka, na baraka niliyoipoteza ni wewe.

Jana nilisimama karakana mbele ya watu wale wale nikawaambia: "Mashini niliua mi mwenyewe. Mukwe wangu hana kosa hata moja." Mmoja akanitania kwamba uzee umenilainisha. Nikamwambia uzee wenyewe umechelewa.

Najua mila haimtumi mzee kwa mkwe wake kuomba radhi. Jumapili nitakuja hata hivyo.

Baba mkwe wako,
Mudathiru

Cyanzarwe, 11 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama jana na goti halikukusumbua njiani. Rayhana bado anacheka jinsi tulivyokaa saa nzima tukisifu viazi. Mbele yako mdomo wangu ni mzito, basi naandika.

Kuna jambo hulijui. Mwaka wa kwanza nilijua sina kosa. Mwaka wa pili nikaanza kuota kifuniko kikavu mkononi. Siku moja nikampigia Rayhana magoti, nikamwomba msamaha kwa kusahau oili. Aliulizwa na dada zake akanitetea, huku mimi mwenyewe nimeshajihukumu.

Ungeweza kuuza msumeno ule kama chuma chakavu, na hakuna ambaye angekuuliza. Ulijitafutia kosa lako kwa pampu ya baiskeli. Kwa kuomba radhi, asante. Hukuwa na deni hilo kwangu. Ninachokushukuru zaidi ni kwamba leo, nikiulizwa, naweza kuapa kwamba oili niliitia.

Mwanao,
Théogène