Benchi la Mbele

Jumapili

Sijala. Mke wangu amefunika chakula mezani na kwenda kulala bila kuniuliza kitu.

Leo yamebarikiwa mabenchi niliyotoa kigangoni, kanisa dogo la kule Mollo. Tulichelewa, tukakuta kanisa limejaa. Kwenye benchi la mbele alikuwa amekaa Bibi Anastazia, yule mjane aliyekuwa akisali na marehemu mama. Katekista akamwinamia. "Bibi, hebu pisha wafadhili wakae."

Akainuka taratibu, akishikilia ukuta. Nilimwona. Ningeweza kusema "mwache akae", basi, yakaisha. Badala yake nikakaa pale pale alipotoka. Palikuwa bado na joto lake.

Padri akahubiri kwamba mali ni ya Mungu, sisi ni mawakili tu. Nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Jina langu lilipotajwa, akina mama wakapiga vigelegele. Nikageuka kuwapungia mkono, nikamwona amesimama mlangoni, kwenye huu upepo wetu wa baridi, amejifunika kanga hadi kichwani. Naye alikuwa anapiga makofi.

Baada ya misa nikamfuata. "Shikamoo, bibi. Naomba unisamehe kwa ile..."

"Marahaba, mwanangu. Mabenchi ni mazuri. Nilikalia kidogo." Akanishika mkono. "Mungu akuzidishie."

Nikaitikia amina. Mke wangu, aliyekuwa pembeni yangu, akanitazama, kisha akatangulia kwenye gari.