Siku Yako Ilikuwa Jumatano

Aunmo, 4 Agosti

Mpendwa kaka Eskil,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko baharini, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima. Mama analala vizuri sasa, na mbwa wa Baba ameacha kungoja mlangoni. Amehamia kwenye kiti chake.

Najua inakuuma kwamba meli ilikuzuia kufika kwenye mazishi ya Baba mwezi Machi. Niliahidi kukusimulia nikipata nguvu. Basi, Kaka, watu walicheka. Wakati wa kahawa, baada ya kanisa, Oddvar alisimama na bereti yake ya buluu akasema kwamba kule Lebanoni, walipokuwa askari wa kulinda amani, Baba alimpa soksi zake kavu za mwisho, kisha kwa miaka arobaini kila walipokutana akamwuliza soksi zinaendeleaje. Jirani yetu mjane alisema tangu mumewe afariki hajawahi kushika shoka, kwani kuni zilikuwa zinajipasua zenyewe kila Oktoba. Shangazi Gudveig akadakia kwamba kaka yake aligawa kila kitu, hata nyama ya kulungu kabla sisi hatujaionja, isipokuwa kitu kimoja: mahali alipokuwa akichuma molte, yale matunda ya kinamasini ambayo kila mtu huku huyafichia siri. Ukumbi mzima ulicheka. Halafu kila mtu akatazama kikombe chake.

Mimi pia nilitazama changu.

Nina jambo la kuungama. Nilikuwa napajua. Baba alinipeleka nilipokuwa na miaka kumi na minne, kwenye kinamasi nyuma ya kilima cha Hauktjønn, akaniapisha nisimwambie mtu, akisema ananionyesha mimi peke yangu. Uliponiuliza jikoni kama Baba ameonyesha mtu mahali pale, mwaka ule ulipoondoka, nilikujibu kwamba hajamwambia mtu. Niliona uso wako ukibadilika, na nikafurahi. Nisamehe. Kwa miaka tisa nimeamini kwamba mimi ndiye aliyependwa zaidi, na nimekuwa nikiona aibu kuliamini.

Kila mwaka Baba alinipigia simu: zimeiva, njoo Ijumaa. Mwaka huu hakuna simu iliyolia. Nikabahatisha Jumamosi ya kwanza ya Agosti, nikaliacha gari mbali, nikazunguka saa mbili msituni nisiache nyayo, kama alivyonifundisha. Nilipofika kinamasini, molte zikiwaka rangi ya chungwa, nilimwona mtu ameinama na ndoo. Nikajibanza nyuma ya mti. Sauti ya Shangazi ikanifikia: “Toka huko, Sunniva, koti lako jekundu linaonekana mpaka Uswidi!”

Kabla hatujamaliza kutazamana kwa aibu, Oddvar akaibuka vichakani akitambaa kama yuko doria. Shangazi alimwuliza kama amepoteza soksi. Kufikia saa sita mchana tulikuwa watu sita, mchungaji akiwemo, na kila mmoja alikuwa ameapishwa peke yake. Tukalinganisha siku tulizozoea kuitwa. Shangazi alikuwa Jumatatu, Oddvar Jumapili, mchungaji Alhamisi. Baba alikuwa ametupangia zamu, kama lindo la jeshini! Mwaka huu hakuwepo wa kutupangia, ndiyo maana sote tulikuja siku moja. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji.

Mimi nilicheka mwisho, Kaka. Kwanza nilienda kulia kidogo pembeni. Mtu akishakaa miaka tisa kwenye kiti cha heshima, ni vigumu kugundua kwamba lilikuwa benchi. Lakini nilipogeuka na kuwaona wamekaa pamoja wakigawana kahawa ya chupa moja, nilitamani niwe nao kuliko nilivyowahi kutamani kuwa wa pekee.

Nilipomsimulia Mama, hakushangaa hata kidogo. Aliendelea kukoroga jamu akasema kwamba Eskil ndiye aliyekuwa Jumatano, tangu ana miaka kumi na miwili.

Jumatano! Kumbe ule uso jikoni ulikuwa wa mwongo mwenzangu. Mnafiki wee!

Tumeacha sehemu moja bila kuichuma, karibu na jiwe kubwa. Mama anasema meli inatia nanga tarehe kumi na moja, na Jumatano ni kumi na tatu. Njoo na ndoo. Nitaliacha gari palepale barabarani, kila mtu alione.

Mama anakubusu kwenye paji la uso. Shangazi anasema ulete soksi kavu.

Ni mimi dadako, wa Ijumaa,
Sunniva