Sahihi ya Mzee Muindi

Huruma, Nairobi
Jumapili, 17 Agosti

Kwako Baba yangu mpendwa, Mzee Job Mukhwana,

Barua hii ikukute umeketi vizuri na miwani iko karibu, kwa maana ni ndefu. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Mitchelle ameota meno ya mbele na sasa anasoma bila kusukumwa. Vipi goti lako? Mama aliniambia umeanza tena kwenda shambani na fimbo, nami nikafurahi, ila sikutaka usikie nimefurahi, usije ukaongeza mistari ya mahindi. Na yeye mwenyewe, presha imetulia? Tafadhali mkumbushe kwamba dawa ni za kila siku, si za siku anazojisikia vibaya tu.

Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu anayeshinda na simu mikononi kuanzia saa mbili asubuhi. Ningepiga, lakini kwenye simu wewe huuliza jambo moja nami hujikuta nikijibu jingine, na haya nataka niyaseme yote bila kukimbia. Jirani yangu Andati anasafiri kesho kuja Kimilili kuwaona wakwe zake, naye amekubali kuibeba mpaka mlangoni kwako.

Mara mbili umeniuliza kwa nini kikundi chetu cha Kaloleni hakikununua hisa za kiwanda ninakofanya kazi, na mara mbili nimekujibu nitakueleza. Sasa nakueleza.

Kile kiwanja cha Ruai mlichonunua ninyi wazee mkiwa bado mnaishi Kaloleni, tulikiuza mwezi wa pili. Kuna waliotaka tugawane kila mtu aende zake, lakini wengi walisema jasho la wazazi lisiliwe kwa wiki moja, litafutiwe mahali pa kukaa. Jumapili ya pili ya Aprili tukakutana ukumbini kuamua pesa ziende wapi. Mimi nilikalia kiti chako, kama ulivyoniagiza.

Mwenyekiti wetu ni Gachanja, mtoto wa yule fundi seremala aliyekuwa jirani yetu. Anauza bima mjini na husoma kurasa za biashara kuliko mtu yeyote ninayemjua. Yeye alisimama upande wa kiwanda. Alisema simu zinazounganishwa hapa kwetu, mtaani Baba Dogo, ndizo za kesho, kwamba kiwanda kimefungua mlango kwa vikundi vidogo kama chetu, na kwamba anayetengeneza kitu ndiye mwenye jina, na mwenye jina ndiye anayevuna.

Wangeci hakukubali. Huyu ni fundi wa simu hapa Huruma, mamake alikuwa akiuza uji karibu na lango la ukumbi, utamkumbuka. Alisema katika miaka kumi na tano ya kufungua simu za watu ameona majina yakija na kufa, hata mengine hayakumbuki tena, lakini hakuna jina lililowahi kuja bila kioo na betri. Simu ya bei yoyote ikianguka, kioo kinavunjika. Alitaka tuingie ubia na mwagizaji wa vipuri aliyekuwa anatafuta washirika wa kufungua stoo, badala ya kufuata jina.

Kisha akaongea Mzee Muindi. Yeye ndiye wa pekee wa rika lako aliyebaki katika kikundi, naye huuliza habari zako kila mkutano. Aliuliza swali moja tu, nalo likawatoa watu usingizini. Simu ile inauzwa elfu saba, na kuiunganisha kunagharimu zaidi ya elfu kumi. Hiyo tofauti inalipwa na nani? Akajijibu mwenyewe kwamba inalipwa na kampuni ya mtandao, ili mteja afungwe kwenye laini yake na anunue data kwa miaka miwili. Basi kiwanda kinasimama kwa mguu wa mtu mwingine, na siku mtu huyo akiuvuta mguu wake, kitaanguka. Yeye alitaka tununue hisa za kampuni ya mtandao yenyewe.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Gachanja alisema kampuni ya mtandao haiwezi kuacha kulipia simu kwa sababu bila simu haina wateja. Wangeci akamjibu kwamba wateja tayari inao, sasa inatafuta faida. Mwishowe wakanigeukia mimi. Walisema hapa tunaye mtu wa ndani, atuambie. Nikasimama nikasema kazi ni nyingi, maagizo yanakuja, mambo ni mazuri. Tukapiga kura, na kiwanda kikashinda kwa kura tatu.

Siku kumi baadaye uamuzi ule ulifutwa. Tulikutana mara ya pili, tukakubaliana sehemu iende kwenye stoo ya vipuri, Wangeci akiwa msimamizi, na sehemu inunue hisa za mtandao kama Mzee Muindi alivyotaka.

Baba, ni vizuri tulifanya hivyo. Mwezi wa sita kampuni ya mtandao ilitangaza kwamba haitalipia tena sehemu ya bei ya simu zile. Katika wiki tatu katoni zilijaa kwenye ghala mpaka tukawa tunapita kwa ubavu. Laini mbili kati ya nne za kuunganishia simu zimefungwa. Mimi nimebaki, ila kwa siku tatu za wiki, na siku nyingine namsaidia Wangeci kukagua vioo vinavyoingia stooni. Tunakula, Mitchelle yuko shuleni, usiwe na wasiwasi. Vikundi vilivyonunua hisa za kiwanda vimeambiwa vingoje.

Mpaka hapo imekuwa rahisi kuandika. Sasa nakuomba uvumilie, kwa sababu bado sijakuambia kilichotokea katika zile siku kumi, na ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Nilipowaambia watu ukumbini kwamba kazi ni nyingi, nilidanganya. Mimi hupima simu zikitoka kwenye laini: kamera, spika, kuchaji. Mwaka jana nilikuwa napima mia tisa kwa siku. Aprili zilikuwa hazifiki mia nne. Wanaotuuzia bodi, zile sakiti za ndani ya simu, walikuwa wamekataa kuzituma kabla ya kulipwa, na kuna siku tulikaa tu tukipangusa meza. Niliyajua hayo yote niliposimama.

Nilidanganya kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa. Mwezi wa tatu meneja wetu, Bwana Kimeu, alituita mmoja mmoja. Alisema mfanyakazi atakayeleta kikundi cha kununua hisa atafanywa msimamizi wa laini. Nilitoka ofisini kwake nikiwa nimeshalivaa lile koti la bluu la wasimamizi kichwani mwangu. Jioni hiyohiyo nikakupigia nikakuambia nimepandishwa cheo. Sikusema nitapandishwa. Nilisema nimepandishwa. Ukaniambia Mungu amenikumbuka. Jumapili iliyofuata Mama akanieleza jinsi ulivyosimama kanisani kutoa shukrani, na jinsi mchungaji alivyokuweka kiti cha mbele. Ndipo ukanipigia ukasema katika kura nisimame na kiwanda changu. Baba, baada ya hapo sikuona njia ya kurudi nyuma.

Ili pesa zitoke benki ilibidi kila mwanachama atie sahihi kwenye fomu, nami nikajitolea kuizungusha. Wote walikuwa wametia isipokuwa Mzee Muindi. Nilimkuta nyumbani kwake Kaloleni Jumanne mchana, akichambua mboga. Hakunilaumu hata kidogo kwa kura ile. Alipangusa mikono, akachukua kalamu, lakini mkono wake siku hizi unatikisika, na mstari wa fomu ni mwembamba. Akaniomba nimshike kifundo cha mkono ili aandike jina lake.

Nikamshika. Akasema, "Bonyeza kidogo, binti ya Mukhwana. Mimi nilipinga, lakini wewe uko ndani. Unaona tusichokiona."

Alikuwa ameandika herufi ya kwanza. Nilihisi mifupa ya mkono wake ndani ya kiganja changu, nikashindwa kuusogeza. Nikaitoa kalamu vidoleni mwake nikaiweka mezani, kisha nikamwambia yote, la bodi, la mia nne, la koti la bluu, na la uongo niliokupa wewe. Alisikiliza akirudia kuchambua mboga zake. Nilipomaliza aliniuliza, "Utayasema mwenyewe mbele ya watu, au niyaseme mimi?"

Nikamjibu nitayasema mwenyewe. Na ndivyo tulivyokutana mara ya pili. Nilisimama palepale niliposimama mwanzo. Gachanja aliinamisha kichwa, akasema nimemfanya mjinga mbele ya watu waliomwamini, na alisema kweli. Mpaka leo hunisalimia kwa kifupi. Wengine waliguna. Wangeci ndiye aliyeniambia, "Umechelewa, Nasambu, lakini umefika kabla pesa hazijaondoka. Keti."

Nikaketi. Sijui kama nitaweza kukueleza jinsi nilivyoketi. Nilirudi Huruma kwa miguu nikiwa na njaa, njaa ya mtu mzima wa afya, nikanunua chapati mbili nikazila njiani bila kungoja kufika.

Cheo kile alikipata mwenzangu Batulo, aliyeleta kikundi cha akina mama wa mtaa wake. Alikivaa wiki saba, laini yake ikafungwa. Sasa wale akina mama humgongea mlango kila siku wakiulizia pesa zao. Huwa naenda kuketi naye. Nikimtazama najua kilichonitenga naye ni mkono wa mzee mmoja uliotikisika, si wema wangu.

Kwa hiyo, Baba, mimi si msimamizi na sijawahi kuwa. Nisamehe kwa kukufanya utoe shukrani kwa kitu ambacho hakikuwapo. Usiniondolee aibu hiyo kwa kuinyamazia. Nikija Desemba nitaomba nafasi kanisani niwaambie mwenyewe, na kama watakurudisha kiti cha nyuma, nitakuja kuketi nawe huko.

Msalimie sana Mama, na umsomee barua hii yote bila kuruka. Wasalimie wajomba na majirani, hasa walioshangilia. Mitchelle anauliza kama yule ng'ombe mwekundu ameshazaa. Mzee Muindi anasema goti lako ulipake mafuta ya moto, ulikuwa mvivu wa dawa tangu ujana.

Mungu awalinde, nami niwakute salama.

Ni mimi binti yako,
Nasambu Mukhwana,
mpimaji wa simu.