Kuwalaza Wala Nzi

Mlimani, juu ya Uyole, Mbeya
Mwezi wa nane, 1955

Dada yangu Agnesi,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana barua yako ya mwisho naona uliiandika umesimama, mkono kiunoni. Hamjambo wote hapo Idodi? Mtama mmemaliza kuvuna? Baba anakula? Usinijibu "hajambo" tu kama unavyowajibu watu njiani. Niandikie kama anameza ugali au ni uji peke yake, na kama ile miguu bado imevimba. Mimi mwili ni mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi hata kucheka kunauma. Bahati nzuri hapa hakuna wa kunichekesha.

Uliniuliza, "Hiyo mimea ndiyo imekuwa baba yako?" Dada, maneno hayo yaliniingia. Unasema baba ana neno ameliweka kwa ajili yangu, hataki kumwambia mtu mwingine, na kila siku anauliza kama nimefika. Nami kabla ya hapo nilikuwa nimekuandikia kwamba memsabu amenikatalia ruhusa. Haikuwa kweli yote. Leo nakueleza ilivyokuwa, na utaniona mjinga, lakini afadhali unione mjinga kuliko kuniona sina moyo.

Memsabu wangu unamjua kwa kumsikia, yule mjane mwenye shamba kule Igawa. Ana mimea aliyoletewa kwa meli kutoka nchi za baridi, vyungu arobaini na viwili, na mimea hiyo inakula nzi. Usicheke. Jani lina midomo miwili yenye meno. Nzi akitua linafumba, na likija kufumbua baada ya siku kadhaa, limebaki ganda la nzi tu. Igawa nzi ni wengi, kwa hiyo ilinenepa. Lakini memsabu anasema kwao mimea hii hulala kwenye baridi miezi mitatu kila mwaka, na isipolala inachoka na kufa. Igawa baridi utaitoa wapi? Hata Juni unafuta jasho. Mwaka jana ilimfia nusu. Ndiyo maana mwaka huu, mwezi wa tano, tuliipakia kwenye lori, akanileta nayo huku mlimani katika kibanda cha mawe. Chumba kimoja, mimi na vyungu.

Kulaza mimea ni kazi ya kuinyima. Niipunguzie maji, tena yawe ya mvua tu, kwa kuwa ya kisima yana chumvi inayoiua. Nisiipe hata nzi mmoja. Majani yakiwa meusi niyakate kwa mkasi, dirisha likae wazi, na zaidi ya yote moto usiingie ndani. "Hapana moto," memsabu aliniambia, kidole juu. "Hii nataka baridi. Wewe pika nje." Nikamuuliza, na mimi nitalala wapi? "Hapa hapa. Wewe linda." Kisha akakitia kipande changu cha kazi kwenye mkoba wake, ile kadi ya kuhesabia siku, ambayo bila sahihi yake nikiondoka nahesabiwa mtoro. Alisema atakitia sahihi mwisho wa Julai, mimea ikiisha kulala vizuri, ndipo nije nyumbani mwezi mzima.

Dada, baridi ya huku acha kabisa. Asubuhi nyasi ni nyeupe, na maji kwenye sufuria yamefanya ngozi ngumu juu. Mimi mtoto wa Idodi, niliyezoea kusukuma shuka kwa joto! Jirani yangu ni mzee mmoja wa Kisafwa aitwaye Mwazembe, anayeniuzia viazi. Siku moja alichungulia dirishani akaona majani yote meusi, akatikisa kichwa.

"We kijana, hawa wagonjwa wako wamekufa kitambo. Unalinda makaburi."

"Wamelala, mzee."

"Ah! Mimi watu wanaolala nimewaona. Hawageuki rangi hivyo."

Nikaingiwa na wasiwasi. Nikawaza, ikifa yote nitaambiwa nimeiua mimi, na kipande hakitatiwa sahihi. Na kwetu unajua, anayetetemeka husogezwa motoni. Ndivyo mama alivyotufanyia tulipougua surua, ndivyo unavyomfanyia baba sasa. Sijapata kuona mgonjwa anaondolewa kwenye moto apelekwe kwenye baridi. Basi nikatia makaa kwenye chungu kilichopasuka, nikakiweka katikati yao, nikafunga dirisha. Nilifanya hivyo kila jioni kwa wiki tatu. Nilijiambia ni kwa ajili yao. Nikuambie kweli, na mimi nilikuwa nakufa kwa baridi.

Ikapona! Machipukizi yakatoka katikati ya weusi ule, nikaimba peke yangu kama mlevi. Nikamtuma dereva wa lori amwambie memsabu kwamba mimea yake imeamka, ni mizima, aje na kipande.

Akaja. Mlangoni alinusa kwanza, kisha akainama akatazama machipukizi, membamba, meupe kama miche iliyoota chini ya pipa.

"Nani naamsha hii?"

Nikajibu kwa majivuno, "Ni mimi, memsabu."

Akakaa juu ya ndoo. Hakunitukana, na angenitukana ingekuwa nafuu. Alinieleza taratibu kwamba mmea ukiamshwa kabla haujatosheka na usingizi, unatumia nguvu yote uliyoiweka mzizini, na hauna nyingine. Lazima ilazwe upya, miezi mitatu kuanzia siku hiyo. Na kwa kuwa hapa baridi inakaribia kwisha, kesho kutwa tunahamishiwa juu zaidi, kwenye shamba la rafiki yake. Nikamwambia baba yangu mgonjwa sana, ananiita. Akasema, "Pole sana," na huruma niliiona machoni mwake. Kisha akafunga mkoba, kipande kimo humo humo.

Usiniambie nitoroke. Mwenzetu mmoja alitoroka shambani mwaka jana, wakamfuata mpaka kwao, askari wakamtoa uani mbele ya wazazi wake. Sitaki baba aone hivyo. Basi nipo, dirisha liko wazi, barabara ya kuteremka Uyole naiona pale chini na malori yanapita. Nina hasira, dada, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nisalimie shemeji fundi seremala, na wapwa zangu wote wawili, na mama mdogo anayekusaidia kumgeuza baba. Mwalimu wa dini mwambie namshukuru kwa kuja kumwombea.

Sasa ninalokuomba. Umeandika kwamba baba anakataa dawa ya mganga mkuu wa zahanati kwa sababu inamlaza, naye anaogopa nitafika nimkute amepitiwa na usingizi. Mwambie sikuzuiwa na mtu, niliwasha moto mwenyewe. Mwambie asinisubiri. Neno lile akupe wewe, ulishike vizuri mpaka nitakapokuja. Akiisha kusema, mpe dawa, alale.

Ni mimi mdogo wako,
Lukasi