Mwana Hiti Niliyemtoa Nje

Kwako Salumu, mwanangu wa mwisho, uliyeko Kibaha,

Mama yako hajambo, ila moyo una kitu. Nilisoma chuoni kwa mwalimu hadi nikajua kuandika, basi nakuandikia kwa mkono wangu. Na barua hii anayetaka kuisoma hapa Vihingo aisome, sifichi tena.

Unakumbuka Bi Mwajuma, kungwi, alipokuja kukuagiza mwana hiti, mtoto wa mti wa kuchonga, kwa ajili ya mjukuu wake aliyekuwa mwali ndani? Marehemu baba yako alikuwa amekuachia tezo na patasi, lakini kazi hiyo hukuwa umepewa bado. Ulijua ukimridhisha yeye, nyumba zote zitakuletea kazi. Ukachonga siku tisa. Yule mtoto wa mti, Salumu! Kichwa chake kilivyopasuliwa mashungi mawili, kifua kilivyonyooka, sijaona mfano wake Kisarawe nzima, na si kwa sababu mimi ni mama yako. Haya, na kwa sababu hiyo pia.

Mila ilikuwa avikwe nguo, atoke kwako aingie kwa kungwi, asionwe na mtu mpaka mwali ampokee, amwogeshe na kumpaka mafuta kama mwanawe. Wewe ulikwenda porini kutafuta mti mwingine. Mimi nikamchukua, nikampeleka kisimani, nikamfunua mbele ya wanawake. Nilitaka waone nimezaa nini.

Jioni Bi Mwajuma akaja na wenzake. Akasema kilichokwisha kuonwa kisimani hakiingii kwa mwali. Akauliza nani amemtoa. Ulinitazama mara moja tu.

"Ni mimi, bibi," ukasema.

Nami nilinyamaza. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno.

Tangu hapo hakuna aliyekuletea hata mchi wa kuchonga. Ukafunga vyombo ukaenda Kibaha, ukamwomba seremala mabaki ya mbao. Nilisikia wanakucheka, eti fundi wa vibanzi. Lakini uliwaona madereva wa malori ya Morogoro wakingoja injini zipoe, wanacheza bao kwenye vishimo vya mchanga, upepo unavifukia. Ukawachongea bao. Hakuna aliyekutuma. Wa kwanza akalibeba mpaka Morogoro, wa pili akataka lenye nakshi pembeni, leo wanakuja kukuulizia kwa jina.

Nilipokuja kukutembelea nilianza palepale kuwaambia madereva kuwa huyu ni wangu, mimi ndiye niliyemzaa. Mmoja akasema, "Tumeshajua, mama, umetuambia mara tatu." Wewe ukacheka, ukanipa bao nililishike.

"Hapa waonyeshe tu, mama. Hapa ndiyo kazi yenyewe."

Neno hilo hukulisema kwa uchungu. Ndiyo maana liliniuma. Njia nzima ya kurudi nilitembea nalo.

Juzi kulikuwa na ngoma ya mwali, makungwi wote wapo. Nikasimama nikasema: aliyemtoa mwana hiti ni mimi, mwanangu alinibebea. Wote wakanigeukia. Bi Mwajuma, mzee sana sasa, akaniuliza, "Na wewe ukamwachia abebe miaka yote hiyo?" Nikajibu ndiyo. Hakunipa pole, wala sikuistahili.

Baadaye akaniita pembeni. Ana mjukuu mwingine anayekaribia kuingia ndani. Anauliza kama mkono wako bado unataka kazi hiyo.

Salumu, ulimi uliniwasha kusema ataka, kesho yuko hapa, hakuna mwingine kama yeye. Niliuuma. Nikamwambia jibu ni lako.

Sikuombi urudi. Kama riziki na furaha yako viko barabarani, radhi yangu unayo, na baba yako naamini angekupa yake. Nisamehe ukiweza. Ukikubali, niambie. Ukikataa, niambie pia, nami nitaupeleka ujumbe wako kwa Bi Mwajuma kama ulivyo, bila kuongeza neno langu hata moja.

Mungu akulinde wewe na mikono yako.

Ni mimi mama yako,
wa Vihingo.