Mama Hataki Kuhudumiwa na Dorothi

Sanduku la Posta 274,
29 Juni 2019.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, na lile goti lililokusumbua wakati wa baridi liwe limetulia. Wifi yangu hajambo? Na mapacha, bado wanagombania kitanda cha juu? Huku sote wazima. Presha ya mama ilipimwa Jumatano, na muuguzi akasema ni presha ya msichana. Sasa kila anayepita nyumbani lazima alisikie neno hilo.

Jumapili nilikusikia kwenye simu, lakini sikukujibu kwa kuwa ulikuwa unafoka na mama alikuwa karibu. Ulisema twende tukamwombe radhi meneja. Hatuendi. Nakueleza sababu kwa mpangilio, kama nilivyoandika kwenye shajara yangu, kwa maana aliyekusimulia hakuwepo.

Jumamosi ya tarehe 15 mama alitimiza miaka sabini na tano. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema tumpeleke kwenye ule mkahawa wa Kiingereza anakohudumu binti yako, ili naye aonje unachokula huko. Mama alianza kupiga pasi gauni lake tangu Alhamisi.

Hujapaona, ngoja nikueleze. Mlangoni kuna kibanda chekundu cha simu kisicho na simu. Humo wanaweka ndoo na ufagio. Mapazia ni mazito kama blanketi. Ukutani kuna meko ya matofali yenye moto wa balbu, na juu ya meko feni inazunguka kwa nguvu zake zote kwa sababu ya joto. Mama aliitazama meko, akaitazama feni, akamwuliza mume wangu, "Hawa wanaota moto au wanapunga upepo?"

Akaja binti yako, sare nyeusi, aproni nyeupe imenyooka. Akatusalimu kwa Kiingereza, akasema yeye anaitwa Dorothi na ndiye atakayetuhudumia. Macho yake yalikuwa yananiomba: shangazi, nyamaza. Kifuani alikuwa na beji yenye jina hilo hilo.

Unajua mama alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini, na tangu hapo hapiti herufi bila kuisoma. Aliisoma beji ile taratibu, mdomo ukimcheza.

"Dorothi ndiye nani?" akauliza.

Binti yako akaifunika beji kwa kiganja.

"Mimi nimekuja kwa wajina wangu. Mwiteni aje."

Binti yako akanong'ona kumsihi bibi yake, na hata hapo alinong'ona kwa Kiingereza.

Kaka, ni wewe uliyempa mtoto yule jina la mama. Nilikuwepo. Alikuwa na siku tatu, ukamweka mikononi mwa mama ukasema, "Huyu ndiye wewe." Tangu siku ile mama hamwiti kitu kingine, ni wajina tu.

Mume wangu akajaribu kupoza mambo. "Mama, tuagize kwanza, habari ya jina tutaizungumza kwenye chai."

"Agiza wewe. Mimi siagizi chakula kwa mtu nisiyemjua." Akaifunga menyu, akaweka mkoba wake juu yake.

Ndipo meneja akaja. Ni mtu wa hapa hapa, tai imembana shingo, Kiingereza anakitolea puani. Kwa mama alilegeza, akasema Kiswahili kwa sauti ya chini. "Mama, huu ni utaratibu wa nyumba. Wahudumu wote wana majina ya Kiingereza, na hawaongei Kiswahili na wateja. Wateja wanataka wajione wako Uingereza."

"Mwanangu yuko Uingereza mwaka wa kumi na moja," mama akasema, tena si kwa sauti ya chini. "Anawaogesha wazee wao, anawalisha. Na yeye wamempa jina la nyumba?"

"Hilo siwezi kulijua, mama."

Mama akanigeukia. "Mwambie. Huko wanamwita nani?"

Meza zote za jirani zilikuwa zimetugeukia. Nikasema, "Wanamwita jina lake, mama. Lote."

Nilidanganya, kaka. Tarehe 3 Februari ilifika ile picha uliyopiga na wenzako kazini. Beji yako inasema TONI. Niliiondoa mezani kabla mama hajavaa miwani, nikaificha ndani ya shajara kwenye ukurasa wa siku hiyo. Chini yake nimeandika maneno matatu tu: Kaka hakutuambia hili. Siku hiyo sikuwa na moyo wa kuongeza la nne.

Mama akamwambia meneja, "Umesikia? Uingereza yenyewe haifanyi hivyo. Wewe hii ya kwako umeitoa wapi?"

Mtu mmoja akacheka meza ya pili, kisha meza nzima. Binti yako akaifungua ile beji, akaiweka kwenye kisosi cha ndimu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajina. Haya, niambie, humu mnapika nini?"

Tukala. Samaki mama alimmaliza, akasema aliyemkaanga ana mkono. Zile njegere za kupondwa alizigeuza kwa uma, akauliza, "Hizi nani amezitafuna kabla yangu?" Wajina wake alicheka mpaka daftari la oda likamponyoka. Mume wangu aliletewa nyama na mkate uliovimba kama kofia. Alipoukata akakuta ndani hamna kitu, akachungulia chini ya meza kama vile kilichokuwamo kimeanguka.

Jumatatu tarehe 17 binti yako akasimamishwa kazi. Akaambiwa apeleke barua mbili za kuomba radhi, yake na ya bibi yake. Najua unachoogopa. Kazi ile aliitafuta miaka miwili, na sisemi ni jambo dogo. Jumanne alilia jikoni kwangu. Hilo nalo nimeliandika, sikulificha.

Jana Ijumaa alipeleka barua. Ni moja tu, na kwa kuwa ni fupi nimeinakili: "Naomba kurudi kazini. Naomba na beji mpya. Jina langu ni hili." Chini yake majina matatu: la mama, lako, na la marehemu baba. Meneja aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni, akasema atapiga simu Jumatatu. Hatujui atasema nini. Ila mpishi wa pai, ambaye pale anaitwa Edwadi, alimsindikiza mpaka kwenye kile kibanda chekundu, akamtajia jina lake la kweli. Wamefanya kazi pamoja miezi kumi na minne, na hakuwa analijua.

Kwa hiyo kaka, usinitume tena kuomba radhi. Akifukuzwa, afukuzwe kwa jina lake.

Limebaki la kwako. Mama anamwambia kila mtu, "Mwanangu huko wanamwita jina lake lote." Muuza maziwa anajua, muuguzi wa presha anajua. Mimi siwezi kuyarudisha maneno yangu, na picha ile siichani. Ukiingia kazini, waambie jina lako. Wakishindwa kulitamka, wafundishe. Wewe umeyajifunza ya wazee wao wote, pamoja na dawa zao. Kisha piga picha nyingine uitume. Hiyo nitamvalisha mama miwani mwenyewe.

Msalimie sana wifi yangu, na mapacha uwakumbatie kwa niaba yetu. Mume wangu anakusalimu, na anauliza kama huko mkate ule huwa na kitu ndani. Binti yako anakuamkia. Mama amekataa kutuma salamu. Anasema atakusalimia ukipiga simu, ukishamwambia wewe ni nani.

Mungu akulinde unapotoka na unaporudi. Juu ya bahasha nimeandika majina yako yote matatu, kwa herufi kubwa. Tarishi wa huko ajitahidi.

Ndimi mdogo wako akupendaye, niliyedanganya mara moja tu mwaka huu na ninayekungoja uufanye uongo huo kuwa kweli.